Ama mtu, ama kitanzi: jibu kwa mwalimu wa Lamu

Swali: Assalamu aleikum, Wakili. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya upili hapa Lamu. Wanafunzi wangu wameniuliza jambo, nami nimewajibu bila kuridhika na jibu langu mwenyewe. Mahakama ya Kenya inaweza kumhukumu kifo kijana aliyeiba kwa kutumia nguvu, lakini mtu aliyeamuru maelfu wauawe, akifikishwa The Hague, hupewa kifungo tu. Tena nchi za Ulaya zikimshika mtu kama huyo hukataa kumkabidhi kwa nchi yake mpaka zipewe hakikisho kwamba hatanyongwa. Je, huku si kuwapendelea wakubwa? Na je, si kuingilia mambo ya nchi nyingine? Kwetu sisi, baada ya mauaji yaliyotokea Mpeketoni mwaka 2014, swali hili si la vitabuni.

Jibu: Waaleikumu salaam, Mwalimu. Nitayajibu maswali yako kwa kuyachanganya, kwa sababu katika historia hayakutengana. Nianze na jambo ninaloliamini baada ya kuisoma na kuifundisha sheria hii kwa muda mrefu hapa Malindi. Nchi inayowatafuta wauaji waliokimbilia ng'ambo hulazimika, karibu kila mara, kuchagua kati ya kumpata mtu na kukibakiza kitanzi, na ni nadra kuvipata vyote viwili.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Vita Kuu ya Pili vilipokwisha, serikali ya Churchill ilikuwa imewahi kupendekeza viongozi wakuu wa Ujerumani wapigwe risasi bila kesi, na kule kukubaliana kwamba wafikishwe mbele ya majaji kulikuwa hatua kubwa. Mahakama ya Nuremberg iliwahukumu kifo watu 12 mwaka 1946. Kumi kati yao walinyongwa tarehe 16 Oktoba, Göring akajiua saa chache kabla ya kunyongwa, na Bormann alihukumiwa bila kuwapo. Mjini Tokyo walinyongwa watu 7 tarehe 23 Desemba 1948, akiwamo Tojo, aliyekuwa waziri mkuu. Jaji Radhabinod Pal wa India alikataa kukubaliana na wenzake wa Tokyo. Kwake yeye hiyo ilikuwa haki ya washindi, na angewaachia huru washtakiwa wote. Kwa swali lako, hata hivyo, jambo la kuzingatia ni kwamba katika miji yote miwili mshindi alikuwa tayari ameikalia nchi iliyoshindwa na washtakiwa walikuwa mikononi mwake. Hapakuwa na serikali ya tatu ya kuombwa, wala mkataba wa kukabidhiana watuhumiwa, wala barua ya balozi. Vita vya siku zetu haviishi hivyo. Watuhumiwa hutawanyika kabla ya kesi kufunguliwa, na kumpata kila mmoja wao hutegemea ridhaa ya nchi nyingine.

Rwanda ndiyo iliyoyaonja haya kwa uchungu kuliko nchi yoyote. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, serikali mpya ya Kigali yenyewe iliomba mahakama ya kimataifa iundwe. Mwaka huo Rwanda ilikuwa na kiti katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa zamu yake, na tarehe 8 Novemba 1994, azimio namba 955 la kuiunda mahakama hiyo lilipopigiwa kura, ikawa nchi pekee iliyolipinga. Ilikuwa na sababu kadhaa, na mojawapo ilikuwa hii hii ya wanafunzi wako: mahakama ya kimataifa isingekuwa na hukumu ya kifo, kwa hiyo waliopanga mauaji wangefungwa tu, ilhali waliotumwa wangepigwa risasi nyumbani.

Ikawa hivyo hasa. Mwezi Julai 1997 polisi wa Kenya waliwakamata mjini Nairobi watuhumiwa kadhaa, akiwamo Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya wakati wa mauaji, wakapelekwa Arusha, ambako mahakama hiyo ya kimataifa ilikuwa na makao yake. Tarehe 24 Aprili 1998 watu 22 walipigwa risasi hadharani nchini Rwanda, baadhi yao katika uwanja wa Nyamirambo mjini Kigali, licha ya rai za serikali za kigeni na za Papa Yohane Paulo II. Miezi michache baadaye, tarehe 4 Septemba 1998, Kambanda aliyekiri makosa yake alipewa kifungo cha maisha. Sina maneno ya kuupunguza uzito wa jambo hilo, Mwalimu, na mtu akikwambia kwamba hakuna dhuluma ndani yake, usimsadiki.

Lakini tazama kilichofuata, kwa maana watu hawakitaji sana. Watuhumiwa wengi walikuwa wamejificha Ulaya, Kanada na kwingineko barani Afrika. Kigali ilipowadai, nchi nyingi zilijibu kwamba sheria zao haziruhusu mtu kupelekwa penye hatari ya kuuawa na dola. Mahakama ya Arusha nayo ilikuwa inakaribia kufunga milango na ilitaka kuzihamishia baadhi ya kesi kwa mahakama za nchi, lakini kanuni zake zilitaka majaji waridhike kwanza kwamba kesi itakuwa ya haki na kwamba adhabu ya kifo haitatolewa. Mwaka 2007 Rwanda, nchi yenye makaburi mengi kuliko uwezo wa lugha kuyaeleza, ikaifuta adhabu ya kifo kwa makosa yote. Milango haikufunguka siku hiyo hiyo. Mwaka 2008 majaji wa Arusha walikataa ombi la kuhamisha kesi, wakieleza wasiwasi mwingine kuhusu mashahidi na namna ya kifungo. Mwaka 2011 walikubali, na mwaka 2012 Jean Uwinkindi akawa mtuhumiwa wa kwanza kutoka Arusha kwenda kushtakiwa Kigali. Mwaka huo huo Kanada ilimrudisha Léon Mugesera baada ya mvutano wa kisheria wa miaka mingi, na mwaka 2013 Norway ikamkabidhi Charles Bandora. Mahakama za Uingereza ziliendelea kukataa, zikiwa na shaka juu ya uhuru wa kesi zenyewe, kwa hiyo sidai kwamba kukiondoa kitanzi kunamaliza kila kikwazo. Ninachosema ni kwamba kabla ya 2007 mazungumzo hayo hayangeweza hata kuanza.

Sasa tuje The Hague. Mkataba wa Roma uliounda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, ulipitishwa tarehe 17 Julai 1998, yaani chini ya miezi mitatu baada ya risasi za Nyamirambo. Mkutano uliendelea kwa wiki tano, na suala la adhabu lilikaribia kuuvunja. Nchi nyingi za Kiarabu na baadhi ya nchi za Karibi zilitaka adhabu ya kifo iwemo. Trinidad na Tobago, ambayo ndiyo iliyolifufua wazo la mahakama ya aina hii katika Umoja wa Mataifa mwaka 1989, ilikuwa miongoni mwa zilizoshikilia sana. Nchi za Ulaya na za Amerika ya Kusini kwa upande wao zisingeweza kutia saini mkataba wenye kitanzi. Suluhu ikawekwa katika vifungu viwili: kifungu cha 77 kikaweka kifungo kisichozidi miaka 30, au kifungo cha maisha pale uzito wa kosa unapodai, na kifungu cha 80 kikatamka kwamba hakuna neno katika sehemu hiyo ya mkataba linalozuia nchi kutumia adhabu za sheria yake yenyewe. Kwa hiyo adhabu ya The Hague haikutokana na huruma kwa wakubwa. Ilitokana na hesabu ya kura, kwa sababu bila makubaliano hayo pengine mahakama yenyewe isingekuwapo, na hao wakubwa wangebaki bila hakimu kabisa.

Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 2005, kisha Bunge likapitisha Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa ya mwaka 2008. Wanafunzi wako wakisome kifungu cha 6 cha sheria hiyo. Kinasema kwamba mtu akipatikana na hatia ya mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya ubinadamu au uhalifu wa kivita, na msingi wa kosa ukawa ni kuua kwa kukusudia, ataadhibiwa kama muuaji. Na muuaji nchini Kenya bado anaweza kuhukumiwa kifo, ingawa tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu wa tarehe 14 Desemba 2017, jaji halazimiki tena kuitoa hukumu hiyo. Basi mshtakiwa yule yule, kwa kosa lile lile, anaweza kupata kifungo akihukumiwa The Hague na kifo akihukumiwa hapa nyumbani. Kifungu cha 80 kinaruhusu hivyo waziwazi.

Ama yule kijana mwizi wa kutumia nguvu, hapo nakubaliana na wanafunzi wako kwamba mizani imepinda, ila naona upande ulioipinda ni wa kwetu. Hatujamnyonga mtu tangu 1987, waliponyongwa Hezekiah Ochuka na wenzake kwa jaribio la mapinduzi la 1982. Rais Kibaki alibadilisha hukumu za kifo za wafungwa zaidi ya 4,000 kuwa vifungo vya maisha mwaka 2009, na Rais Uhuru Kenyatta akafanya vivyo kwa wafungwa 2,747 mwaka 2016. Hata hivyo mahakama huendelea kutoa hukumu ambayo serikali haina nia ya kuitekeleza. Dhuluma anayotendewa kijana huyo haiondoki kwa kumwongezea jenerali kitanzi. Huondoka kwa kumvua kijana kile alichovalishwa.

Umeuliza pia kama huku si kuingilia mambo ya wengine. Watu wa Lamu mna haki ya kuuliza hivyo. Mwezi Oktoba 1890, baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa Witu, jeshi la majini la Uingereza liliuchoma mji huo, miezi michache tu baada ya Waingereza na Wajerumani kugawana pwani yetu kwa mkataba ambao hapakuwa na mwenyeji aliyeketi mezani kuujadili. Anayeikumbuka Witu ana sababu ya kutega sikio mzungumzaji wa haki anapotoka mbali. Lakini katika suala hili la kukabidhi watuhumiwa, nchi inayokataa haiiambii nchi nyingine iendeshe vipi magereza yake. Inajizuia yenyewe. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua mwaka 1989, katika kesi ya Soering dhidi ya Uingereza, kwamba dola inayomtoa mtu huku ikijua atakayokutana nayo inashiriki katika matokeo. Nchi iliyoombwa kumtoa ilikuwa Uingereza na nchi iliyomtaka ilikuwa Marekani, kwa hiyo kanuni hii haikubuniwa kwa ajili ya Waafrika.

Tena Afrika ina hukumu yake yenyewe juu ya jambo hili, na inatugusa sisi wa pwani. Baada ya mabomu ya tarehe 7 Agosti 1998 kwenye balozi za Marekani, yaliyoua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam, Mzanzibari Khalfan Khamis Mohamed alikamatwa Cape Town mwaka 1999, akakabidhiwa kwa Wamarekani haraka bila kuombwa hakikisho lolote. Tarehe 28 Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba kitendo hicho kilikuwa kinyume cha katiba, kwa kuwa nchi iliyoikataa adhabu ya kifo haiwezi kuwa mkono wa kumsukuma mtu kuiendea. Alikuwa tayari yuko New York, kwa hiyo majaji waliagiza hukumu yao ipelekwe kwenye mahakama iliyokuwa ikimsikiliza. Jopo la raia lililokaa katika kesi hiyo halikuafikiana juu ya kifo, akapewa kifungo cha maisha. Ujerumani, kwa upande wake, ilikuwa imemtoa mtuhumiwa mwingine wa al-Qaeda, mtandao uliotuhumiwa kwa mabomu hayo, mwaka 1998 kwa sharti kwamba hatauawa, na Marekani, kwa nguvu zake zote, ililikubali sharti hilo kwa sababu ilimhitaji mtu huyo.

Huenda mwanafunzi akasema: basi tusiwasikilize wageni, tuwanyonge tulio nao. Mpe mfano wa Iraki. Mahakama maalumu ya Baghdad iliwekewa adhabu ya kifo, na kwa sababu hiyo Umoja wa Mataifa ukakataa kusaidia kuwafunza majaji wake na nchi za Ulaya zikajitenga. Kesi ikabaki bila msaada wa watu waliokuwa na uzoefu wa miaka kumi katika kesi za uhalifu wa kivita wa Yugoslavia. Saddam Hussein alihukumiwa kwa mauaji ya watu 148 wa mji wa Dujail, na sheria ya mahakama hiyo haikuruhusu hukumu kubadilishwa na iliamuru itekelezwe ndani ya siku 30. Rais Jalal Talabani, Mkurdi ambaye watu wake walimaliziwa vijiji, alikataa kutia saini kwa kuwa alikuwa mpinzani wa adhabu ya kifo, hivyo wakatia saini wengine. Alinyongwa tarehe 30 Desemba 2006, alfajiri ya Idd-ul-Adh-ha, na wengi wetu huku pwani tunakumbuka jinsi picha zile zilivyotuingilia siku ya ibada. Wakati huo kesi ya Anfal, inayohusu maangamizi ya Wakurdi ya mwaka 1988, ilikuwa ikiendelea naye akiwa mshtakiwa. Mashtaka yake yakafutwa mwezi uliofuata kwa kuwa marehemu hashtakiwi. Mama wa Kikurdi aliyesubiri miaka 18 kumsikia akijibu kuhusu wanawe hakumsikia. Kitanzi kilikuwa na haraka, na haraka hiyo ilimnyang'anya mama huyo haki yake.

Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 iliiona hatari ya haraka hiyo mapema. Haikupiga marufuku adhabu ya kifo, lakini kifungu cha 101 cha Mkataba wa Tatu kinasema kwamba mfungwa wa vita akihukumiwa kifo, hukumu isitekelezwe kabla ya miezi 6 kupita tangu taarifa kamili ilipofikishwa kwa nchi iliyopewa jukumu la kumlinda. Miezi hiyo sita waliachiwa wanadiplomasia kwa makusudi. Mwezi Juni 2022 mahakama ya waliojitenga na Ukraine huko Donetsk iliwahukumu kifo Waingereza 2 na Mmorocco mmoja waliopigana upande wa Ukraine, na mwezi Septemba, kwa usuluhishi wa Saudi Arabia, wote watatu wakapandishwa ndege kwenda Riyadh wakiwa hai. Watu hao hawakupaswa hata kushtakiwa kwa kule kupigana tu, na kama hukumu ingetekelezwa upesi, kosa hilo lisingekuwa na marekebisho.

Jirani zetu wa Kongo wako katikati ya jambo hili sasa hivi. Mwezi Desemba 2023 Corneille Nangaa alitangaza muungano wake wa waasi akiwa Nairobi, na Kinshasa ikamwita nyumbani balozi wake. Mwezi Machi 2024 serikali ya Kongo ikaondoa usitishaji wa kunyonga uliodumu tangu 2003, na tarehe 8 Agosti mwaka huo mahakama ya kijeshi ikamhukumu Nangaa kifo bila yeye kuwapo. Tarehe 30 Septemba 2025 hukumu kama hiyo ikatolewa kwa rais wa zamani Joseph Kabila. Katikati ya hukumu hizo mbili, mwezi Julai 2025, wajumbe wa Kinshasa walitia saini Doha tamko la kanuni za amani na muungano ule ule wa Nangaa. Ni vigumu kumwomba mtu ashuke msituni huku umemwekea kamba nyumbani. Atakachodai kwanza ni kufutiwa yote, na hapo ndipo wahanga hupoteza hata kile kifungo. Tena diplomasia ya kunusuru watu na kifo haiwanusuru wote kwa usawa. Kati ya watu 37 waliohukumiwa kifo mwaka 2024 kwa jaribio la mapinduzi la Kinshasa, Wamarekani 3 walipunguziwa adhabu na kurejeshwa kwao mwezi Aprili 2025. Mwenye ubalozi wenye nguvu huokoka. Ukitafuta upendeleo, Mwalimu, naona huko ndiko uliko zaidi kuliko The Hague.

Na Bangladesh inaonyesha jambo jingine. Serikali ya Sheikh Hasina ndiyo iliyoanzisha mwaka 2010 mahakama ya uhalifu wa kivita wa vita vya uhuru vya 1971, iliyowapeleka wapinzani wake kadhaa kitanzini. Uturuki ilimwita balozi wake mwaka 2016 kwa sababu ya mmoja wao. Tarehe 17 Novemba 2025 mahakama hiyo hiyo ilimhukumu kifo Hasina mwenyewe, akiwa uhamishoni India, na sasa kila ombi la Dhaka kwa Delhi limebeba hukumu hiyo ndani yake.

Najua pia litaulizwa suala la dini, nami si mwanazuoni, kwa hiyo nitasema machache. Kisasi kimetajwa katika Sura ya al-Baqara, aya ya 178, na aya hiyo hiyo inamfungulia walii, yaani jamaa wa karibu, wa aliyeuawa mlango wa kusamehe na kupokea fidia. Yaani mwenye msiba ana sauti. Katika kesi nyingi za dola, za kunyonga na za kufunga, hana. Hapa The Hague imetangulia mahakama zetu nyingi, kwa sababu wahanga huruhusiwa kuwakilishwa na mawakili wao ndani ya kesi, na mahakama inaweza kuamuru wafidiwe, ijapokuwa fidia hizo huchelewa kwa kiasi kinachosikitisha.

Kuhusu Mpeketoni, waliouawa mwezi Juni 2014 walipita 60, na kama waliopanga walitenda uhalifu wa kivita ni jambo la jaji kuamua siku mtuhumiwa atakaposimama mbele yake. Lakini tuseme mmoja wao akamatwe kesho katika nchi ya Ulaya. Barua ya kwanza itakayofika Nairobi itauliza iwapo atahukumiwa kifo. Serikali inaweza kujibu kwa hakikisho la maandishi, na mawakili wa mtuhumiwa watatumia miaka kubishana kama hakikisho hilo lina uzito, wakionyesha kifungu cha 6 bado kimesimama. Mwezi Desemba 2024 Kenya ilipiga kura kwa mara ya kwanza kuunga mkono azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la kusitisha utekelezaji wa adhabu ya kifo, pamoja na nchi nyingine 129, na kura hiyo itatusaidia katika mabishano hayo, ila haifuti sheria iliyo vitabuni. Anayeweza kuibadilisha sheria hiyo ni Bunge. Marekebisho yenyewe ni ya mistari michache, na mbunge yeyote, akiwamo wa Lamu, anaweza kuyawasilisha kama mswada wake binafsi bila kuisubiri serikali.